Pikipiki ni hatari kiasi gani? Jibu kwa mwalimu anayetaka kununua pikipiki ya kwendea kazini

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mvomero na mama wa watoto wawili. Shule iko kilomita 14 kutoka ninapoishi: tisa ni lami ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, tano ni barabara ya vumbi. Kwa sasa ninakwenda na kurudi kwa bodaboda, kwa sababu daladala za alfajiri ni chache na haziingii kwenye barabara ya vumbi. Nimedunduliza fedha na ninataka kununua pikipiki yangu ndogo. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema pikipiki ni kifo. Mwalimu mwenzangu wa fizikia anasema hofu hiyo imezidi, kwamba kuna watu wanapanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanaruka kwa parachuti, na kwamba hata kujifungua kuna hatari kuliko pikipiki, nami nimejifungua mara mbili. Nani kati yao anasema kweli? Na nikiinunua, je, naweza kumbeba mwanangu wa darasa la kwanza, ambaye shule yake iko njiani?

JIBU: Mwalimu, mume wako na mwalimu mwenzako wamechukua vipimo viwili tofauti na kuanza kubishana kana kwamba ni kimoja. Mume wako anaitazama miaka yote utakayokaa juu ya pikipiki, na mwalimu mwenzako anaitazama safari moja. Kabla ya kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea, inabidi tuulize tunahesabu hatari kwa safari, kwa kilomita, kwa saa au kwa miaka ya kazi, maana namba zinazotoka huko hazifanani hata kidogo.

Wanaoshughulika na elimu ya hatari wana kipimo kiitwacho maikromoti, kilichobuniwa na Ronald Howard wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Maikromoti moja ni uwezekano mmoja katika milioni wa kufa. Mwalimu wa fizikia atakielewa haraka ukimpa mfano wa sarafu: ukiirusha mara 20 mfululizo na mara zote 20 ikaangukia upande wa kichwa, umekutana na jambo ambalo uwezekano wake ni kama mmoja katika milioni. Nchini Uingereza, ambako kipimo hiki kimetumiwa sana kuelimisha umma, imekadiriwa kwamba mtu wa kawaida hubeba takriban maikromoti moja kwa siku ya kufa kwa sababu zisizo za ugonjwa, yaani ajali za kila aina na ukatili vikijumlishwa pamoja.

Kwa kipimo hicho, makadirio ya Uingereza yanayonukuliwa mara nyingi yanasema kwamba mtu huimaliza maikromoti moja baada ya kusafiri kilomita 10 hivi kwa pikipiki, kilomita 27 kwa miguu, kilomita 32 kwa baiskeli, karibu kilomita 400 kwa gari, na maelfu ya kilomita kwa treni. Kwa hiyo kilomita moja ya pikipiki ina uzito wa kilomita 40 za gari dogo. Takwimu za Marekani ni kali zaidi kwa pikipiki. Huko, katika miaka ya karibuni, wamekufa takriban waendesha pikipiki na abiria wao 30 kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, na mamlaka yao ya usalama barabarani imekuwa ikiripoti kwamba uwezekano wa kufa kwa kila maili ni mara 22 hadi 28 ya ule wa mtu aliyemo ndani ya gari, kutegemea mwaka. Ukizigeuza maili hizo kuwa kilomita, utaona kwamba Mmarekani huimaliza maikromoti moja kwa kilomita tano na kidogo. Nitatumia namba zote mbili, ya Uingereza kama makadirio ya chini na ya Marekani kama ya juu, kisha nitaeleza kwa nini wala moja haihamishiki Mvomero kama ilivyo.

Sasa tuiweke safari yako kwenye mizani. Kwenda na kurudi ni kilomita 28, na nikichukulia siku 200 za kazi kwa mwaka, unasafiri kilomita 5,600. Kwa siku moja hizo ni karibu maikromoti tatu kwa kipimo cha Uingereza, na tano na kidogo kwa kile cha Marekani. Linganisha na parachuti, ambayo mwalimu mwenzako ameitaja. Chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani kilirekodi vifo 10 mwaka 2023 katika miruko ipatayo milioni 3.65, yaani karibu maikromoti tatu kwa mruko mmoja. Kwa maneno mengine, siku yako moja ya kazi, kwenda na kurudi, ina uzito wa mtu aliyeruka kutoka kwenye ndege mara moja, na kwa kipimo cha Marekani ni kama ameruka mara mbili. Mwalimu mwenzako alikusudia kukutuliza kwa mfano huo, ila wengi wa warukaji hao hawaruki kila asubuhi kabla ya gwaride.

Mbio ndefu za marathoni na nusu marathoni ni mfano wa jambo ambalo watu huliogopa kupita uzito wake. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wakimbiaji milioni 10.9 kati ya mwaka 2000 na 2010 ulikuta 59 waliosimama moyo, na 42 kati yao walikufa, yaani takriban maikromoti nne kwa mshiriki mmoja. Nusu kaputi kwa mtu mwenye afya njema hukadiriwa kuwa kifo kimoja katika 100,000, ambazo ni maikromoti 10. Mlima Kilimanjaro ni jambo zito zaidi: uchunguzi wa miaka minane, kuanzia 1996 hadi 2003, ulihesabu vifo 25 vya wapandaji wa kitalii, sawa na 13.6 kwa kila wapandaji 100,000, vingi vikitokana na ugonjwa unaowapata watu wakipanda mahali pa juu sana. Hizo ni maikromoti 136 kwa mpando mmoja. Wewe utazifikia kwa siku 49 za kazi ukitumia kipimo cha Uingereza, au siku 26 ukitumia cha Marekani. Mtu anayepanda Kilimanjaro huaga nyumbani, hununua koti, hupimwa afya na hufuatwa na mwongoza njia. Anayepanda bodaboda kwa siku hizo humuuliza dereva bei tu.

Ipo michezo ambayo pikipiki haiisogelei. Katika mlima Kjerag nchini Norway, wanaoruka na parachuti kutoka kwenye majabali walikufa tisa katika miruko 20,850 iliyohesabiwa kwa miaka 11, zaidi ya maikromoti 400 kwa mruko, na Everest huua takriban mmoja katika kila 100 wanaojaribu kuupanda. Hao tuwaache.

Mfano wa kujifungua ndio wenye maana zaidi katika barua yako, na hapa mwalimu mwenzako amekaribia ukweli kuliko anavyodhani. Utafiti wa taifa wa hali ya afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliweka vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Vifo 104 kwa 100,000 ni maikromoti 1,040 kwa uzazi mmoja. Safari zako za mwaka mzima, kilomita 5,600, ni maikromoti 560 kwa kipimo cha Uingereza na karibu 1,040 kwa kile cha Marekani. Kwa hiyo amesema kweli kwamba uzazi mmoja una hatari isiyopungua ile ya mwaka mmoja wa kwenda kazini kwa pikipiki. Lakini wewe umejifungua mara mbili, na pengine hutajifungua tena. Pikipiki utaiendesha mwaka huu, na ujao, na ule mwingine hadi ustaafu. Miaka 25 ya safari hizo ni sawa na kujifungua kati ya mara 13 na 25. Ukijumlisha, uwezekano wa kufa katika miaka hiyo ni kama mmoja katika 70 kwa makadirio ya chini, na mmoja katika 40 kwa makadirio ya juu. Mume wako, ambaye hakutaja hata namba moja, alikuwa akiuona ukubwa huo.

Kuna jambo jingine katika mfano huo. Hakuna mkunga anayemwambia mjamzito kwamba kwa kuwa watu hufa hata barabarani, basi asihudhurie kliniki. Hatari ya uzazi tuliitambua kuwa kubwa, tukaweka kadi, vipimo, damu akiba, wodi na gari la wagonjwa, na namba ikashuka. Kusema kwamba pikipiki ni hatari kama uzazi ni kuitangaza kuwa jambo linalohitaji maandalizi ya aina hiyo.

Namba zangu hadi hapa zimehesabiwa kwa kilomita. Ukihesabu kwa saa, picha inabadilika sana, na nadhani mwalimu wa fizikia atapenda zoezi hili. Kwa kilomita, pikipiki ina hatari kama mara tatu tu ya kutembea kwa miguu. Lakini anayetembea huenda kilomita tano kwa saa na mwenye pikipiki huenda 40, hivyo saa moja ya pikipiki ni maikromoti nne wakati saa moja ya miguu haifiki hata robo ya maikromoti. Kipimo kipi ni sahihi? Kwa mtu anayeendesha kujifurahisha siku ya Jumapili, saa ndiyo kipimo cha haki, kwa kuwa angeweza kuitumia saa hiyohiyo kucheza bao. Kwako wewe shule haisogei. Kilomita 14 ni zilezile kwa chombo chochote, kwa hiyo kilomita ndiyo kipimo chako, na ulinganisho unaokuhusu ni wa pikipiki na namna nyingine za kuimaliza njia hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapoona kwamba mjadala wenu nyumbani umeruka jambo moja. Mume wako anakataa pikipiki isiingie nyumbani, ilhali wewe uko juu ya pikipiki kila siku ya kazi tayari, kilomita 28, umekaa nyuma ya mtu usiyejua jana alilala saa ngapi. Hatari ya magurudumu mawili umeshaibeba. Abiria wa nyuma huanguka palepale anapoanguka dereva, na mara nyingi huanguka akiwa hana kofia ngumu, kwa sababu ile ya ziada inayoning'inia kwenye usukani ina jasho la watu wengi na hairekebishiki mkanda. Kwa hiyo swali lililo mbele yenu ni hili: je, kuhama kutoka kiti cha nyuma kwenda kiti cha mbele kunaiongeza hatari yako au kunaipunguza? Jibu langu ni kwamba katika miezi ya kwanza kunaiongeza, na baadaye kunaweza kuipunguza, endapo utafanya mambo machache ambayo nitayaeleza bila kuyaremba.

Kabla ya hapo, nitimize ahadi ya kueleza kwa nini namba za Ulaya na Marekani haziingii Mvomero moja kwa moja. Takwimu za polisi wetu huhesabu ajali, vifo na majeruhi, wala hazihesabu kilomita zilizosafiriwa, kwa hiyo hakuna namba ya hapa ya kuziweka kando ya zile. Pikipiki za huko aghalabu ni kubwa, na wengi huziendesha kwa starehe kwenye barabara za mwendo mkali. Zetu ni za cc 100 hadi 150, ni za kazi, na mwendo wake ni wa chini; hilo linatupunguzia hatari. Yanayotuongezea ni mengi zaidi: matundu ya lami, mchanga kwenye kona, ng'ombe na mbuzi, malori na mabasi ya masafa yanayopitana bila kujali aliye pembeni, giza lisilo na taa, na hospitali iliyo mbali na mahali pa ajali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya barabarani katika kanda ya Afrika mwaka 2021 kuwa 19 kwa kila watu 100,000, dhidi ya 7 Ulaya, ingawa Afrika ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia. Kwa sababu hiyo, ukiniuliza kipimo gani kati ya viwili kinakaribia barabara ya Morogoro–Dodoma, nitachagua kile cha Marekani, na sitashangaa ukweli ukikipita.

Halafu kifo si hesabu yote. Marekani huripoti majeruhi wa pikipiki zaidi ya 80,000 kwa mwaka dhidi ya vifo zaidi ya 6,000, na kila aliyeingia wodi ya mifupa katika hospitali yoyote ya rufaa nchini kwetu ameiona sura ya namba hiyo: mguu uliofungwa chuma, kijana anayehesabu mwezi wa nne, ndugu aliyeacha shamba ili kumuuguza. Mfupa wa goko ndio unaovunjika sana, kwa kuwa hauna nyama ya kuukinga na ndio unaokutana na bampa au kuangukiwa na injini. Mwalimu aliyevunjika goko hafi, lakini muhula mzima unaweza kumpita.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles ambazo walizifikia na kuzichunguza palepale barabarani. Ni ya zamani, lakini sijasoma kazi inayoeleza vizuri zaidi jinsi pikipiki inavyopata ajali. Robo tatu ya ajali zile zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya migongano hiyo dereva wa chombo kingine ndiye aliyeinyima pikipiki haki yake ya kupita. Wengi wao walisema hawakuiona. Asilimia 92 ya waendeshaji walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na jamaa na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajatimiza miezi mitano juu ya pikipiki waliyopata nayo ajali, ingawa wengine walikuwa na miaka ya uzoefu kwenye pikipiki nyingine. Mwendo wa kawaida kabla ya ajali ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa, mwendo ambao dereva bodaboda wa Dumila atauita wa kutafuta abiria.

Ukiyasoma matokeo hayo pamoja na yale ya miaka ya karibuni utaona kwamba hatari haigawanywi sawa. Nchini Marekani zaidi ya robo ya waendesha pikipiki waliokufa walikuwa na kiwango cha pombe kilichopita mpaka wa sheria, na zaidi ya theluthi ya waliohusika katika ajali za vifo hawakuwa na leseni halali ya pikipiki. Mwalimu asiyekunywa, mwenye leseni, anayesafiri mchana kwa njia moja anayoijua, hayumo katika sehemu kubwa ya vifo hivyo, na namba yake binafsi iko chini ya wastani. Lakini haiwezi kushuka hadi kufikia ya gari, kwa sababu theluthi mbili ile ya migongano ilisababishwa na mtu mwingine, na wewe huna bati la kukuzunguka.

Tuanze na kofia ngumu, au helmeti kama wengi tunavyosema. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha pikipiki kinachokaribia hapo. Nunua inayofunika uso mzima na taya, yenye alama ya herufi E ndani ya duara iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, na iwe ya kukubana mashavu kiasi kwamba ukiizungusha ngozi ya uso inafuata. Ile nyepesi inayofanana na bakuli, ambayo watu huivaa kwa ajili ya trafiki, haitakusaidia kitu ukidondoka kifudifudi. Mkanda usipofungwa, kofia hutangulia kuondoka kabla kichwa hakijafika chini. Ikishapata pigo moja kubwa, hata kama haina ufa unaoonekana, itupe.

Breki ninaitaja kwa kirefu kwa sababu hapa nchini tumerithishana kosa. Wanaofundishwa na jamaa huambiwa waiogope breki ya mbele, kwamba itawarusha. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi hukimbilia gurudumu la mbele, na kwenye lami kavu gurudumu hilo ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. La nyuma, likiwa limepunguziwa uzito, huteleza tu. Hurt na wenzake waliliona jambo hilohilo: waliopata ajali waliikanyaga ya nyuma kupita kiasi na kuiminya ya mbele kidogo mno. Jifunze kuiminya ya mbele polepole na kwa kuongeza nguvu, kwenye uwanja mtupu, mara mia kama itabidi. Kwenye vumbi na mchanga sheria hugeuka, mkono wa mbele unakuwa mwepesi na mwendo ndio unaokulinda. Ukipata pikipiki yenye mfumo wa breki zisizoliacha gurudumu ligande na kuteleza (ABS), uongezee fedha. Uchunguzi wa taasisi ya bima za usalama barabarani ya Marekani uliikuta ikihusiana na upungufu wa asilimia 22 wa ajali za vifo.

Mwendo nao ni hesabu rahisi. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikia breki inakupeleka mita 25 kabla hujaanza kupunguza, na kusimama kwenyewe kunahitaji nyingine 23 au zaidi kwenye lami kavu. Jumla mita 48. Kwa kilomita 40 jumla ni kama 27. Mbuzi aliyeibuka mita 35 mbele yako anapona katika hali ya pili, nawe pia. Kwa kilomita zako 14, kushuka kutoka 60 hadi 40 kunakuchelewesha dakika saba.

Kuhusu kuonekana, uchunguzi wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, uliwakuta waliovaa nguo za kuakisi au za rangi kali wakiwa na hatari pungufu kwa asilimia 37 ya kujeruhiwa katika ajali, wenye kofia nyeupe pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi, na waliowasha taa mchana pungufu kwa asilimia 27. Kizibao cha kuakisi kinauzwa bei ya chini kuliko kujaza tangi mara moja. Vaa, washa taa, kisha endesha kana kwamba hakuna aliyekuona.

Mimi mwenyewe niliendesha pikipiki ya cc 125 kwa miaka ya utafiti vijijini, nikaanguka mara moja, kwenye mchanga, kwa mwendo ambao mtoto angekimbia akanipita. Nilivunjika kidole. Kwa hiyo simwambii mtu asipande. Ninamwambia ahesabu kilomita.

Na kilomita ndizo unazoweza kuzipunguza kuliko kitu kingine chochote. Kati ya 14 zako, tisa za lami ndizo zenye malori, na tano za vumbi ni za mwendo wa chini. Chunguza kama, kwa kuondoka nusu saa mapema, unaweza kuzimaliza zile tisa kwa daladala na kuiacha pikipiki ikusubiri kwa mtu unayemwamini pale njia panda. Utakuwa umebaki na kilomita 10 kwa siku badala ya 28, yaani 2,000 kwa mwaka, na zote nje ya barabara kuu. Kwa kipimo cha chini hizo ni maikromoti 200 kwa mwaka, theluthi moja na kidogo ya unazobeba leo ukiwa abiria. Daladala nazo hupata ajali, na tunazisikia kwa sababu huua wengi kwa mkupuo, lakini kwa kila abiria na kila kilomita, aliyekaa ndani ya chombo chenye bati na viti yuko mbali na hatari ya aliye wazi juu ya magurudumu mawili. Nafasi ya nyumba ya mwalimu karibu na shule ikitokea, ichukue hata kama paa lake linavuja; hakuna kofia itakayokulinda kama kutosafiri. Walimu wanne wakichangia mafuta ya gari moja la mwenzao pia wamepata zaidi ya kile ambacho mafunzo yoyote ya pikipiki yangewapa.

Ikiwa hayo yote hayawezekani, nunua. Soma kwanza katika chuo cha udereva, pata leseni ya daraja linalolingana na injini yako, na kwa miezi mitano ya kwanza usiondoke kabla hapajapambazuka, usiendeshe usiku wala kwenye mvua, na usibebe mtu. Siku hizo endelea na bodaboda, ukiwa na kofia yako mwenyewe mkononi. Mchague dereva mmoja, umlipe kwa mwezi ili asiwe na sababu ya kukimbilia abiria mwingine, na umkataze mshikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja. Kofia hiyo inunue wiki hii, hata kabla ya pikipiki, kwa kuwa kesho asubuhi utapanda.

Swali la mtoto nimeliweka mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi: hapana. Mtoto wa darasa la kwanza miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, kwa hiyo hana anachojishikiza nacho zaidi ya nguo yako, na akisinzia ataachia. Kofia ya mtu mzima humfunika macho na kuchomoka. Wengi huwaweka mbele, juu ya tangi, wakidhani hapo wanawaona vizuri. Hapo ndipo mtoto anakuwa mto kati ya kifua cha mzazi na usukani. Atakapofikisha miguu kwenye vikanyagio, akapata kofia ya kipimo chake, na wewe ukawa na mwaka mzima wa kuendesha, mnaweza kulizungumza upya na baba yake. Kwa sasa, kama shule yake iko ndani ya mwendo wa miguu, atembee na wenzake wakubwa, upande wa kulia wa barabara, wakiyatazama magari yanayowajia.